Nyumba Niliyoiandika Haikaliwi

Nakumbuka mchana mmoja, jua limeshapinduka baada ya swala ya adhuhuri, nilisimama mbele ya nyumba ya bati huko ndani kabisa, ukishaipita Mzenga, nikabisha hodi. Nikabisha mara tatu. Mara ya tatu nikasikia mtu anakohoa ndani. Nikangoja, nikabisha tena, kimya. Kisha nikainama juu ya kishikwambi nilichokuwa nacho mkononi, nikaandika kwamba nyumba ile haikaliwi na mtu.

Mwanangu, juzi ulinipigia simu kwa furaha ukaniambia umepangiwa utendaji wa kata upande wa Kisarawe, na kwamba mmeshapewa vishikwambi, mmeshapewa mafunzo, mko tayari. Nilifurahi, usije ukadhani vinginevyo. Ila hilo neno "tayari" limenikaa kichwani siku mbili hizi kila nikiwa shambani, maana na mimi niliwahi kuwa tayari. Kaa nikusimulie. Ukiona nazunguka, nivumilie tu, sisi tuliozoea kuandika kwa kalamu hatujui kufupisha.

Hili ni kosa la ujana, ingawa ujana wenyewe ulinipata nikiwa na miaka hamsini na saba. Usicheke. Ujana si meno wala nywele. Mtu mzima akipewa kitu kipya akasifiwa kwamba anakiweza, anarudi nyuma miaka thelathini kwa wiki moja, na pupa yake yote inarudi naye. Mimi ilinipata Kibaha, kwenye ukumbi tulikokaa siku tano tukifundishwa mfumo mpya wa kuandikisha makazi. Watendaji wenzangu wa rika langu walikuwa wakihangaika, mmoja alikuwa anabonyeza kioo kwa nguvu kama anabandika muhuri. Mimi siku ya pili nilikuwa namfundisha jirani yangu. Siku ya tano mkufunzi akanisimamisha mbele ya wote akasema, "Mnamwona mzee huyu? Huyu yuko tayari kuliko vijana." Niliporudi kwenye kata yangu nilikuwa nimevaa ule mkoba wa kishikwambi kifuani, na nakiri mbele ya Mungu kwamba hata msikitini niliingia nao.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kila nyumba ya kata ipewe namba, iandikwe anakaa nani, iwekwe kwenye ramani. Kata iliyomaliza ilionekana kijani kwenye mfumo, ambayo haijamaliza ilikuwa nyekundu. Kila jioni wakubwa walituma orodha kwenye kundi letu la simu, aliye juu na aliye mkiani, na majina yetu yameandikwa pale pale. Niliiangalia ile orodha asubuhi kabla sijapiga mswaki. Niliota rangi ya kijani, mwanangu, mtu mzima mwenye wajukuu.

Zamani haikuwa hivyo. Mtendaji hakuingia kwenye kitongoji cha watu bila mwenyekiti wa kitongoji kutangulia mbele yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani kazaa, nani kahama, nani kagombana na nani. Na ukishaandika majina, orodha ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji siku saba. Watu walikuja, wakasoma, wakabishana, wakasema huyu si jina lake hilo, yule shamba lake haliishii hapo. Tunafuta, tunaandika upya. Ilikuwa kero kubwa na ilichukua mwezi mzima. Nilipoonyeshwa ule mfumo, jambo la kwanza lililonifurahisha ni kwamba hakuna tena kubandika chochote ukutani.

Sasa kitongoji cha mwisho kilikuwa kimoja nitakachokiita Mikongeni, jina lake la kweli nitakuambia ukija. Mwenyekiti wake alikuwa Mlandizi anauguza, akaniambia kwa simu nimsubiri siku tano. Nilijiambia siku tano ni nyingi, na ramani ninayo. Nikawasha pikipiki nikaenda peke yangu.

Nyumba sitini na moja za Mikongeni niliziandika kwa siku moja na nusu. Ilibaki moja, ya sitini na mbili, imekaa peke yake nyuma ya mikorosho. Ndiyo hiyo.

Nataka uione kama nilivyoiona. Kitongoji chote kilikuwa kimya, watu wako mashambani. Uwanja wa nyumba umefagiwa, alama za ufagio bado mbichi, na juu ya mchanga hakuna nyayo za mtu isipokuwa zangu mimi nilipokuwa naingia. Kando ya mlango kulikuwa na jiwe la kutawadhia, limelowa. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye kopo lililoinamishwa. Kwenye kamba kulikuwa na nguo moja tu, nyeupe, kubwa, nayo inadondosha maji. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Nikabisha, nikajitaja jina na cheo changu, nikasema nimekuja kwa jambo la heri.

Hapo ndipo nikasikia kile kikohozi. Kilikuwa cha mtu anayejizuia. Nikasikia mkeka unasogea, halafu nyayo zinakuja polepole mpaka mlangoni, zikasimama. Mlango ulikuwa wa mbao, una ufa mwembamba, na nilijua kwa hakika kwamba upande wa pili kuna mtu anasikiliza ninavyopumua, nami namsikiliza yeye. Tulisimama hivyo sijui muda gani. Nilisema hodi kwa mara ya mwisho na sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

Mfumo ulinipa majibu matatu ya kuchagua. La kwanza, mkaaji yupo. La pili, hayupo, nitarudi. La tatu, nyumba haikaliwi. La kwanza lilitaka jina na sahihi ya mkaaji, na sikuwa navyo. La pili lingeniacha mwekundu. Nilibonyeza la tatu, nikaipa pikipiki moto, na sikugeuka nyuma kuangalia.

Njiani nilimkuta mwanamke anamenya mihogo. Nikamuuliza, "Ile nyumba ya mwisho nyuma ya mikorosho ni ya nani?"

"Ile? Ya marehemu Kondo," akasema. "Mungu amrehemu."

Nikaitikia amina, nikaondoka nimeridhika. Sikumuuliza swali la pili, mwanangu. Swali moja tu zaidi lingenitosha.

Jioni ile kata yangu ikawa ya kijani, ya kwanza katika halmashauri nzima. Simu haikunyamaza kwa pongezi. Wakubwa waliandika kwamba kata yangu ni mfano wa kuigwa, nami nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo kwamba ni kazi ya wote.

Siku ya tatu nilikuwa ofisini, kama saa tisa alasiri, peke yangu. Kishikwambi kikalia. Nilikuwa nimesahau kwamba mfumo ule, nyumba ikiandikwa haikaliwi, unatuma wenyewe ujumbe kwenye namba ya simu ya mwenye nyumba kama ilivyo kwenye daftari la zamani, ukimwambia ana siku kumi na nne za kuweka pingamizi. Na jibu lilikuwa limerudi. Jina lililoandikwa juu lilikuwa Kondo Seif. Ujumbe ulikuwa maneno mawili: "Nipo ndani."

Nilinyanyuka nikafungua kabati, nikatoa jalada la vibali vya mazishi. Sikuchukua muda kulipata jina. Kondo Seif wa Mikongeni, kazikwa miezi mitatu nyuma. Muhuri ni wangu, saini ni yangu, na saini yangu ina mkia mrefu, huwezi kuikosea. Mkono huu ndio uliotoa ruhusa mtu huyo azikwe. Nilikuwa bado nimelishika lile jalada wakati ujumbe wa pili ulipoingia: "Siwezi kutoka. Msiniandike sipo."

Nilipiga ile namba. Ikaita mara mbili, ikapokelewa. Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia kuku analia kwa mbali, halafu mtu anavuta pumzi, halafu kile kikohozi, kile kile cha kujizuia. Nikakata. Nikakitia kishikwambi kwenye droo nikaifunga, na ndani ya droo kikaendelea kutetemeka.

Niliogopa sana. Mimi ni mtoto wa Gwata, nimekulia kwenye hadithi za vitu vinavyoita watu mchana kweupe shambani, na usomi wangu wote haukunisaidia. Nilisoma Ayatul Kursi palepale kwenye kiti cha serikali. Lakini nikuambie ukweli ambao sikuwahi kumwambia hata mke wangu. Huku midomo inasoma, moyo ulikuwa unafikiria rangi ya kijani. Nilikuwa najiuliza kama pingamizi hilo litanirudisha kwenye nyekundu.

Nilipokifungua tena kilikuwa kinaniuliza: pingamizi limepokelewa, maelezo ya mtendaji ni yapi? Nikaandika, "Mwenye namba ni marehemu." Kila neno hapo ni kweli, na kibali cha mazishi ninacho. Nikatuma. Pingamizi likafungwa. Tangu siku hiyo ujumbe kutoka namba ile haukuja tena, na huko kunyamaza kwake kulinisumbua kuliko ule ujumbe wenyewe.

Wiki zilizofuata nilijikuta nazungukia njia ya Mikongeni hata pasipo na sababu. Nasimama mbali barabarani, nahesabu mapaa. Mfumo unaniambia nyumba zinazokaliwa ni sitini na moja. Mimi nahesabu sitini na mbili zenye uwanja uliofagiwa. Naanza upya kutoka upande wa pili, napata sitini na mbili. Na ile nguo nyeupe nilikuwa naiona kwenye kamba, leo ipo, kesho haipo, keshokutwa ipo, na kamwe sikumwona mtu akiianika wala akiianua. Mwenyekiti wa kitongoji aliporudi kutoka Mlandizi aliniuliza, "Mtendaji, Mikongeni ulimaliza salama?" Nikamjibu salama. Hakuwa na namna ya kujua nilichoandika. Zamani angesimama mbele ya ukuta wa ofisi, angesoma orodha kwa kidole, angefika mwisho akasema mbona hii siyo. Sasa orodha ilikuwa ndani ya mashine, na ufunguo wa mashine ulikuwa kichwani mwangu.

Kisha ikaja barua. Kata yangu ilikuwa imeombewa ghala la kukusanyia korosho, na wakubwa, badala ya kuitisha mkutano wa kijiji kutafuta eneo, waliuliza mfumo uwaonyeshe nyumba zisizokaliwa zenye ardhi ya kutosha. Ulitoa jibu mara moja. Ekari tatu za mikorosho, barabara iko karibu, nyumba haikaliwi, pingamizi limeshafungwa. Niliambiwa nimpeleke mpimaji akaweke alama, na baada ya wiki moja katapila lingekuja kuangusha nyumba.

Nilimpeleka. Alikuwa kijana mstaarabu, anayeheshimu watu. Tulipofika, mlangoni pale palikuwa na mwanamke mzee sana amekaa juu ya mkeka, kajitanda kanga, miguu kainyoosha mbele. Nilimfahamu kwa sura, anaitwa Bi Tatu, dada mkubwa wa marehemu Kondo. Alikuwa ametoka kwake, vijiji viwili mbali, kwa sababu aliyekuwamo ndani alikuwa ameona dirishani watu wa ghala, waliotangulia siku chache nyuma, wakipitapita kwenye mikorosho na kamba za kupimia, akamwandikia kwa simu.

"Shikamoo Bi Tatu," nikasema.

"Marahaba. Weye ndiye mtendaji?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuja hapa siku moja ukabisha hodi."

"Nilikuja."

"Ukasikia mtu anakohoa?"

Mpimaji alikuwa ananitazama. Nikasema, "Nilisikia."

"Sasa kile kikohozi ulimwandikia nani?"

Nikashusha macho kwenye mkeka wake. Akasema bila kupandisha sauti, "Weye ndiye uliyegonga muhuri tukamzika ndugu yangu. Karatasi nilikuja kuichukua mwenyewe. Hukuniuliza kama ana mke. Ulidhani mkewe tulimzika naye?"

Mwanangu, hapo ndipo kila kitu kilinirudia kwa mpigo mmoja. Uwanja uliofagiwa, mlango uliofungwa mchana, nguo nyeupe peke yake kwenye kamba, sauti isiyojibu wanaume wasio ndugu. Mwanamke alikuwa amekaa eda ya mumewe. Mtoto yeyote wa Kiislamu wa huku kwetu angeijua nyumba ile kwa kuitupia macho tu. Nami zaidi ya wote. Baba yangu alifariki Gwata nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimeshaanza ukarani, na mama yangu alikaa eda yake kwenye chumba cha nyuma miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa. Nguo zake nyeupe nilikuwa naziona kwenye kamba kila nikirudi kazini. Wanaume wakija na shida zao walikuwa wanasimama mbali, wanamtuma shangazi. Hata balozi wa nyumba kumi alikuja na daftari lake akasimama uwanjani, akauliza, akaandika, akaondoka, na mama akabaki ameandikwa yupo. Hakuna aliyehitaji kufundishwa siku tano.

Kile kilichoniogopesha wiki zote zile kilikuwa mwanamke mmoja, jina lake Bi Mwanahawa, aliyebaki na simu ya mumewe, akidhani kwamba ofisi iliyogonga muhuri wa mazishi inajua fika nani kabaki ndani ya nyumba. Ndiyo maana hakuona haja ya kujieleza zaidi. Aliandika yupo. Nami nilimjibu kwa kuandika kuwa ni marehemu.

Nilimwomba mpimaji arudishe nyumba ile kwenye orodha ya zinazokaliwa. Akakitazama kishikwambi chake akasema kwa upole, "Mzee, imeshapitishwa juu. Kuirudisha kuna njia mbili tu. Ama nipige picha ya mkaaji akiwa amesimama mlangoni pake, uso unaonekana, iwe ushahidi. Ama wewe uliyeandika mwanzo ukiri kwa jina lako kwamba taarifa yako haikuwa ya kweli."

Bi Tatu akasema, "Picha hapigwi. Zimebaki siku tisa."

Basi njia ilibaki moja, na ilikuwa mkononi mwangu. Maneno yenyewe hayazidi kumi. Niliyapanga kichwani, niliandika uongo, nisameheni. Halafu nikafikiria miaka mitatu iliyobaki kufika kustaafu, na jalada langu lililo safi, na lile kundi la simu litakavyoandika jioni, na yule mkufunzi wa Kibaha. Nikajikohoza. Nikasema, "Sasa... tuangalie... labda kuna njia nyingine." Mpimaji akasema hakuna.

Nilinyamaza sana, mwanangu. Wote wawili walikuwa wananisubiri. Na wakati nimenyamaza hivyo, nyuma ya Bi Tatu mlango ukafunguka.

Alitoka amevaa nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ule ufa, na alikuwa ameelewa kwamba mimi sitasema. Bi Tatu alijaribu kumrudisha kwa mkono, akautoa mkono wake taratibu, akasimama kwenye kizingiti, jua limempiga usoni, akatulia. Mpimaji, naye kijana wa watu, akakiinua kishikwambi chake. Akapiga picha moja. Yule mama akageuka, akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Haikufika dakika mbili. Bi Tatu alifunika uso kwa kanga akaanza kulia, na mimi nikaenda kusimama kwenye mikorosho kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama.

Sheikh alipoulizwa alisema Bi Mwanahawa hana dhambi, alitoka kwa dharura ya kuokoa makazi yake, na eda yake ni sahihi. Nyumba ikarudi kwenye orodha. Ghala likajengwa kwingine. Kata yangu haikuwa nyekundu hata siku moja. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa.

Eda yake ilipokwisha nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea barazani, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusamehe, mtendaji. Ila ile picha ifute. Sikutaka kuonekana siku zile. Zilikuwa zangu na mume wangu."

Nikapanda Kisarawe mjini, kwa wataalamu wa mfumo. Wakaifungua nyumba ya sitini na mbili. Alitokea pale kwenye kioo kikubwa cha mezani, mwanamke mwenye nguo nyeupe mlangoni pake. Hakuwa anaitazama kamera. Alikuwa anatazama pembeni kidogo, mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Mtaalamu akaniambia, "Mzee, hii picha ndiyo inayoishikilia nyumba. Nikiifuta leo, usiku mfumo utairudisha nyumba kwenye haikaliwi, na eneo litaonekana wazi tena. Labda mtendaji aliyeandika mwanzo akiri kwa maandishi, hapo picha haina kazi." Alisema hivyo bila kujua kwamba mtendaji mwenyewe ndiye mimi. Nikamwambia nitakwenda kumwambia huyo mtendaji. Nikashuka mlima, nikarudi kazini, na sikumwambia mtu.

Nimestaafu kwa heshima. Nina cheti ukutani. Na kila siku ya Mungu, mwanamke aliyetaka kufichika siku mia moja na thelathini tu amesimama mlangoni pake, mchana ule ule, mbele ya kila afisa anayefungua ukurasa ule. Amesimama miaka sita sasa. Amezeeka, nguo nyeupe aliacha kuvaa zamani, anauza mihogo yake, na kule ndani ya mfumo bado ana siku tisa.

Basi sikiliza ninachokuusia. Usiingie kitongoji cha watu bila mwenyekiti wao, hata kama ramani inakuonyesha mpaka choo. Orodha ukiimaliza ichape, ibandike ukutani, watu wabishane nayo, na kero yao uivumilie kwa sababu ndiyo kazi uliyoajiriwa. Ukiuliza nyumba ni ya nani, uliza pia nani anakaa. Ukisikia kikohozi, andika kwamba umesikia kikohozi, na kama mfumo hauna mahali pa kuandika hivyo, chagua jibu la kukurudisha nyuma, ubaki mwekundu, uwe wa mwisho, wakuseme. Kuwa tayari siyo kujua kubonyeza. Na ukikosea, kiri siku hiyo hiyo, wakati maneno bado ni machache, kwa sababu ukichelewa atatoka mtu mwingine kulipa kwa uso wake.

Nilipokata simu yako juzi nilichukua karatasi. Nimeandika kwa kalamu, jina langu kamili, cheo nilichokuwa nacho, nilichosikia mlangoni na nilichobonyeza, na kwamba kilikuwa uongo na nilijua. Nimetia saini yenye ule mkia. Karatasi hiyo njoo uichukue, na siku unayokwenda kuripoti uiweke mezani kwa wataalamu kabla hata hujaonyeshwa kiti chako. Watakuuliza huyu mzee ni nani wako. Sema ni babako, usione haya, au ona haya lakini sema. Usiondoke mpaka picha ifutwe mbele ya macho yako. Halafu nenda Mikongeni, mtangulize mwenyekiti, mwamkie Bi Mwanahawa, umwambie mlango umefungwa.

Mungu akupe macho ya kuona waliomo, akupe na ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Akulinde na sifa za mapema. Kila nyumba utakayoiandika akuandikie heri yake, na siku yako ikifika, wale uliowahesabu wakushuhudie kwamba kweli uliwaona. Amina, mwanangu. Nenda.